MOTO WA KUYEYUSHIA CHUMA

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Huchimbwa katika mawe mazito, mengi yao yenye rangi ya kutu, kwa kuwa chuma kimeshikamana na oksijeni, ile hewa aivutayo mtu apumuapo. Mwenye kutaka chuma hana budi kuiondoa hewa hiyo, na kazi hii hufanywa na makaa katika moto mkali. Makaa huyanyang'anya mawe oksijeni, nayo hutoka pamoja na moshi, chuma kikabaki. Wahunzi wa Upare na wa Buhaya waliijua kazi hii tangu kale, wakivukuta moto wa makaa ya mti kwa mivukuto.

Uingereza nako watu walitumia makaa ya mti, hata yakawa ghali. Makaa ya mawe yalikuwa tele, lakini yana kiberiti ndani yake, na kiberiti hukifanya chuma kivunjike upesi. Basi katika kijiji cha Coalbrookdale alikuwako mtu, jina lake Abraham Darby, Mkristo wa chama cha Marafiki, ambacho wamisioni wake walifika Kaimosi mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kusubu vyungu vya chuma. Mwaka 1709 aliyachoma kwanza makaa ya mawe mpaka sehemu ya kiberiti ikatoka, ndipo akayatia tanurini, akafaulu. Walakini wenye matanuri wengine hawakumwiga upesi. Miaka 40 ikapita kabla ya desturi hiyo kuenea. Si ajabu. Mwenye tanuri la zamani amekwisha kutia mali yake ndani yake, na mafundi wake waujua moto mmoja tu.

Chuma kitokacho katika tanuri kubwa kina kaboni nyingi, nacho huvunjika kikigongwa. Kikipunguziwa kaboni hiyo huwa pua, ifaayo kwa reli na meli. Mwaka 1856 Henry Bessemer alieleza njia ya kuipata pua kwa wingi, nayo ni kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Hewa huichoma kaboni, na kwa muda wa dakika 20 hivi kazi imekwisha. Shida ni kujua wakati wa kuacha. Fundi alisimama akiziangalia ndimi za moto, na rangi yake ilipobadilika alitoa amri. Akichelewa kidogo, chuma kimeharibika. Macho ya mtu yule yalikuwa mali kubwa ya kampuni.

Siku hizi joto na kaboni hupimwa kwa vyombo, kompyuta hupiga hesabu, na fundi hukaa chumbani mbali na cheche, akisoma tarakimu. Ni faida kweli, maana wengi waliungua zamani. Lakini watu watakiwao ni wachache, na elimu yao ni nyingine. Mzee aliyejifunza kusoma moto kwa miaka mingi hana tena wa kumwuliza.

Sasa moto wenyewe wabadilishwa kwa mara nyingine. Oksijeni iliyoungana na kaboni ya makaa hupanda hewani, na huko huizuia dunia isipoe. Kila tani moja ya pua ifanywayo kwa tanuri la makaa hutoa karibu tani mbili za hewa hiyo. Kwa hiyo kampuni zatafuta njia nyingine. Katika mji wa Luleå, nchi ya Sweden, mwaka 2021 mawe ya chuma yaliondolewa oksijeni kwa hidrojeni mahali pa makaa; na oksijeni ikiungana na hidrojeni, kitokacho ni maji tu. Njia nyingine ni tanuri la umeme. Vyuma vikuukuu hutiwa ndani, nguzo nene za kaboni hushushwa, na umeme huruka kutoka nguzo hata vyuma mfano wa radi, ukiviyeyusha. Hapo hapana haja ya mawe wala ya majiko ya kuchomea makaa. Lakini yafaa kuvichagua vyuma kwa uangalifu, maana shaba ikiingia haitoki tena, nayo huidhoofisha pua.

Njia hiyo ndiyo iliyochaguliwa Port Talbot, mji wa pwani katika nchi ya Wales. Pua ilifanywa huko kwa zaidi ya miaka 100, na karibu watu 4,000 walikuwa na kazi kiwandani. Mwenye kiwanda ni kampuni ya Tata ya Bara Hindi, iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo miaka 100 baadaye ilivinunua viwanda vikubwa vya chuma vya Uingereza. Matanuri yale mawili yalikuwa yamechakaa, na hasara ilikuwa kubwa. Januari 2024 kampuni ilitangaza kwamba yatazimwa, na kwamba kazi zipatazo 2,800 zitakoma, nyingi zikiwa mjini humo. Vyama vya wafanyakazi viliomba tanuri moja liendelee kuwaka mpaka lile la umeme liwe tayari. Kampuni ikakataa, ikisema gharama haichukuliki. Serikali iliahidi paundi milioni 500 za kusaidia ujenzi.

Tanuri la namna ile halizimwi na kuwashwa kama jiko la nyumbani. Huwaka usiku na mchana kwa miaka, na likiachwa lipoe, chuma huganda tumboni mwake. Kwa hiyo watu wa Port Talbot walijua kwamba litakalozimwa halitawashwa tena. La kwanza lilizimwa Julai 2024. La pili lilitoa chuma chake cha mwisho tarehe 30 Septemba, mwaka ule ule. Ujenzi wa tanuri la umeme ulianza Julai 2025. Kwa muda wote wa kulingoja, mabamba mazito ya pua yaliagizwa kutoka ng'ambo kwa meli, ili wafanyakazi waliobaki wayapashe moto na kuyafanya membamba kwa mitambo yao.