KUFUNDISHA MSUGUANO KWA UKUTA WA UDONGO WENYE VIIMARISHO

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la sita nikimtazama mwanachuo akionyesha jinsi ukuta wa udongo unavyobeba mzigo. Alijenga kuta mbili ndogo za mchanga, mmoja wenye vipande vya karatasi ndani yake, na mwingine usio na karatasi. Alipoondoa ubao wa mbele, zote mbili zilisimama. Mtoto mmoja akasema, “Basi mwalimu, karatasi hazina kazi.” Mwanachuo alimnyamazisha, akaamuru wote waandike kwamba karatasi huimarisha udongo.

Mtoto yule alisema kweli kwa yale aliyoyaona. Kosa lilikuwa katika mchanga, kwa maana ulikuwa umelowa. Makala haya yanakusudia kumwezesha mwanachuo kulifundisha somo hili bila kumlazimisha mtoto ayakane macho yake.

Maarifa ya mwalimu

Mchanga mkavu ukimiminwa hauwezi kusimama wima. Hufanya chungu chenye mteremko wa nyuzi 30 hivi au zaidi kidogo. Ukizuiwa kwa ubao, huusukuma ubao huo. Ukiongeza mzigo juu, msukumo nao huzidi, kwa kuwa punje zinazokandamizwa chini hutafuta nafasi kando.

Watu wa kale walijua kuuzuia mtawanyiko huo. Mnara wa Aqar Quf, karibu na Baghdad nchini Irak, ulijengwa katika karne ya 14 kabla ya Kristo kwa matofali mabichi, na kati ya matabaka yake ikatandazwa mikeka ya matete. Masalio yake yangalipo. Katika miaka ya 1960 mhandisi Mfaransa Henri Vidal aliuanzisha utaratibu wa kisasa, yaani kulaza mikanda ya chuma katika kifusi kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Siku hizi hutumika pia nyavu na vitambaa vya plastiki.

Kiimarisho hufanyaje kazi? Udongo ulio karibu na uso wa ukuta hutaka kuteleza mbele pamoja na mkanda. Mkia wa mkanda, uliozikwa nyuma katika udongo uliotulia, hushikwa kwa msuguano juu na chini. Hivyo mkanda huvutwa pande mbili, na udongo hukaa.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Mzigo ulioenea juu ya ukuta wote huongeza msukumo, lakini pia huukandamiza mkia, nao msuguano huongezeka. Ila uimara wa mkanda wenyewe hauongezeki. Kwa hiyo ukuta huweza kushindwa kwa njia mbili: mkanda kuchomoka, kwa kuwa mkia ni mfupi, au mkanda kukatika, kwa kuwa ni dhaifu.

Vifaa

Sanduku lisilo na upande mmoja, lenye upana wa sm 20 na urefu wa sm 30, ubao wa kuziba upande huo, karatasi ya manila, karatasi za kawaida, gundi, mchanga uliokaushwa juani na kuchekechwa, makopo madogo yaliyojazwa mchanga.

Hatua za somo

1. Kata manila ya kimo cha sm 15 iwe uso wa ukuta. Kunja kingo zake sm 2 kuelekea ndani ili mchanga usivuje. Isimamishe nyuma ya ubao.

2. Jaza mchanga bila viimarisho, kisha ondoa ubao. Wanafunzi watazame na kueleza.

3. Rudia, safari hii ukiwa umegandisha kwenye manila safu tatu za vipande vya karatasi vyenye urefu wa sm 12, katika kimo cha sm 3, 7 na 11. Vilaze juu ya mchanga kila tabaka linapovifikia.

4. Wanafunzi wabashiri kwanza, ndipo waweke makopo moja moja. Waanze nyuma, halafu karibu na uso, wakiandika idadi.

5. Rudia kwa vipande vya sm 4. Katika safu ya juu sehemu itakayoteleza hufika zaidi ya sm 6 kutoka usoni. Kwa hiyo kipande kifupi hakina mkia wa kukishika.

Tahadhari

Jaribu kazi yote kabla ya kipindi. Mchanga wenye unyevu husimama peke yake kwa muda, kwa sababu utando mwembamba wa maji hushikamanisha punje. Maji yakikauka au yakizidi, mshiko huo hutoweka. Ndiyo maana wajenzi huchagua kifusi cha mchanga au kokoto kisichotuamisha maji, na kuweka njia za kuyatoa.

Maswali ya mwanachuo

1. Kwa nini mzigo uliowekwa ukingoni ni wa hatari kuliko ulioenea juu ya ukuta wote?

2. Ungepangaje jaribio la kuonyesha mkanda unaokatika, wala si unaochomoka?

Hitimisho

Jaribio likienda kinyume cha matarajio, mwalimu asiandike ubaoni jibu ambalo darasa halikuliona. Aulize, “Tumebadilisha nini?” Mwanachuo yule alirudi siku ya pili na mchanga mkavu, akamwita mtoto yule yule auondoe ubao.