Somo: Vijana Wetu na Maswali ya Usaili wa Kazi

Baadhi ya wanachama wametueleza kwamba vijana wao waliomaliza masomo huitwa mjini kwa usaili wa kazi, wakarudi mikono mitupu. Wakiulizwa kulikoni, husema, "Niliulizwa nimewahi kufanya nini, nikajibu sijawahi kufanya kazi." Sisi twaona jibu hilo si la kweli. Kijana aliyesimamia misimu mitatu ya karafuu amefanya kazi, tena yenye fedha na watu ndani yake. Ila hajui kuieleza.

Siku hizi wasaili hawaulizi sana, "Je, wewe ni mwaminifu?" kwani nani atajibu siye? Huuliza, "Tueleze siku moja uliyohitilafiana na mtu kazini. Ulifanya nini?" Wanaamini kwamba alivyotenda mtu jana huonyesha zaidi kuliko ahadi zake za kesho. Fikira hii si ngeni. Mmarekani John Flanagan alichapisha mwaka 1954 njia ya kukusanya visa vya kweli vya kazini, vya kufaulu na vya kushindwa. Njia iliyotokana na uchaguzi wa marubani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Jibu zuri hueleza hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, ulitenda nini, na mwisho ukawaje. Hali na wajibu yatosha maneno machache. Ulichotenda ndicho cha kukaliwa, na hapo ndipo vijana wengi wanapoanguka.

Tuchukue mfano wa kijana anayeandika daftari la pishi kwa baba yake. Jioni moja mchumaji, mama mtu mzima, asema amepunjwa. Kijana huyu akiulizwa mjini hujibu, "Tulielewana, yakaisha." Msaili hakupata kitu. Afadhali aseme hivi: "Tulikuwa na wachumaji 12, na mimi ndiye niliyepima. Mama mmoja akasema pishi zake ni 9, daftari langu likasema 8. Sikubishana naye mbele ya wenzake. Karafuu zake zilikuwa bado hazijachanganywa, basi nikazimwaga jamvini nikapima upya, yeye akihesabu. Zikatoka 9. Nikamtaka radhi, nikasahihisha daftari, nikamlipa haki yake. Tangu siku ile kila mchumaji husimama karibu nami ninapoandika."

Wazee wengine watasema kijana huyu amejiharibia kwa kukiri kosa. Hatukubaliani nao. Mwenye kazi anatafuta mtu wa kumwachia fedha zake, naye ajua kwamba kila anayehesabu hukosea. Anachotaka kujua ni kama kosa litafichwa au litatengenezwa. Vivyo hivyo binti aliyechelewa kuondoa majamvi mvua ikamkuta, na aeleze. Lakini asiishie kwenye mvua! Aseme alizianikaje tena zile karafuu kabla hazijavunda, na msimu uliofuata alibadili nini.

Tena iko adabu yetu. Tumelelewa kusema "tulifanya", na kujitaja nafsi twaona ni kujisifu. (Hata sisi tuandikao haya twajiita sisi.) Nyumbani ni vyema, lakini mbele ya msaili neno hilo humficha mtendaji. Inawezekana kusema kweli bila majivuno: "Tulianika pamoja, na kazi yangu mimi ilikuwa kutazama mawingu na kuwaita wenzangu."

Kuzua kisa, au kuazima cha ndugu, hakufai kabisa. Msaili mzoefu huuliza swali la pili na la tatu: yule mama alisema nini, baba yako alipokujua umekosea alijibu nini? Aliyekuwepo hujibu palepale. Asiyekuwepo huanza kutazama dari.

Basi jioni hizi za kuchambua karafuu, wakati mikono ina kazi na midomo haina, mzazi amwulize mwanawe swali moja tu la namna hii, na ampe dakika mbili za kujibu. Kila atakaposema "tulifanya", amkatize amwulize, "Nani?"