Vitafunwa vya saa nne vinamwozesha mwanangu meno

Shangazi, nina mtoto wa kiume wa miaka minne, anasoma chekechea ya binafsi hapa Tabata. Ada tunalipa kwa tabu, na hela ya chakula imo humo humo. Kila saa nne wanapewa biskuti za krimu na juisi ya boksi. Ijumaa ni soseji na kripsi. Akirudi mchana hataki wali wala mboga, na jino moja la mbele limeanza kuwa jeusi. Nilipomgusia mwalimu, alinijibu kuwa wazazi wengine hawalalamiki. Mume wangu ananiambia ninyamaze, mtoto asije akachukiwa shuleni. Nifanyeje?
Mama Chekechea, Tabata

Mwanangu, wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Hela ya chakula umelipa, kwa hiyo kuuliza mtoto analishwa nini si ukorofi.

Anza na lile boksi la juisi. Geuza usome nyuma, utafute kiasi cha sukari kwa kila mililita 100. Zikiandikwa gramu 12, na boksi ni la mililita 200, mwanao amekunywa gramu 24, yaani karibu vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi isifikie asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wa mwanao, hiyo asilimia 10 ni kama gramu 30. Boksi moja limekaribia kuzimaliza, na biskuti bado hazijahesabiwa.

Ndiyo maana mchana anausukuma wali. Tumbo la mtoto ni dogo, na chakula cha saa nne kwake ni mlo kamili, si cha kupotezea muda. Kikiwa sukari na unga mweupe, anashiba bila kupata cha kumjenga. Kuhusu jino, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Usikubali kuambiwa ni meno ya utoto tu yatang'oka. Mengine hukaa mpaka miaka 11 au 12, na jino bovu huuma, hutunga usaha na kumnyima mtoto usingizi.

Sasa shule. Biskuti hazihitaji mpishi, hazichachi, hazimwagiki, na hakuna mtoto anayezikataa. Lakini kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, nalo linatoka kwetu wazazi. Wapo wanaoona kiazi kitamu au uji ni chakula cha aibu kwa shule wanayoilipia mamilioni. Wakikuta mtoto ameshika muhogo wa kuchemsha wanauliza hela yao imekwenda wapi. Wakiona pakiti inayong'aa wanaridhika. Wenye shule wanatusoma, wanatupa tunachokipenda. Tukiendelea kupima hadhi ya shule kwa pakiti, watoto wetu wataendelea kulipa kwa meno yao.

Usimvamie mwalimu wa darasa asubuhi getini. Yeye hanunui biskuti, na mbele ya wenzake atajitetea tu. Wala usianzie kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, maana huko jambo litageuka ugomvi kabla ya jioni. Tafuta wazazi wawili watatu wenye wasiwasi kama wako, muombe miadi na mwalimu mkuu au mwenye shule. Nendeni na ratiba ya wiki nzima mliyoiandika, pamoja na bei za sokoni: ndizi mbivu, papai, yai la kuchemsha, kiazi kitamu, maziwa, uji wenye sukari kidogo, na maji safi ya kunywa kila siku. Waambieni pia kwamba karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitano, na soseji, kama hawawezi kuiacha, ikatwe kwa urefu, si vipande vya mviringo.

Wakisema hakuna utaratibu, wakumbusheni kuwa Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi mwaka 2021. Afisa lishe wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo hiyo; mtu wa kumwita aje kuzungumza na shule ni huyo.

Wakati mnasubiri majibu, usimkataze mwanao kula na wenzake. Mtoto wa miaka minne hawezi kuubeba mgogoro wa watu wazima. Omba tu aruhusiwe kwenda na chupa yake ya maji na tunda. Nyumbani ondoa soda na juisi, mpige mswaki mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Na siku yake ya kuzaliwa usipeleke shuleni mfuko wa peremende.

Kuhusu mumeo, mwonyeshe hesabu ya lile boksi. Kisha mwende wote wawili kwa mwalimu mkuu, kabla ratiba ya chakula ya muhula ujao haijapangwa.