Hondohondo wa Magamba na Mtakatifu Yosefu



Vijana wenzangu, ukipita msitu wa Magamba, hapa juu ya mji wa Lushoto, sikiliza mvumo wa mabawa mazito. Huyo ni hondohondo, ndege mkubwa mweusi mwenye mdomo kama panga.

Wakati wa kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa. Dume humeza udongo, huuchanganya na mate, kisha humletea vidonge vya tope. Jike husiliba mlango kutokea ndani mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Humo hutaga, huatamia na kulea kwa zaidi ya siku 100, adui asimfikie kirahisi. Chakula chake na cha kinda huletwa na dume. Katika kiota kimoja ilikadiriwa kwamba dume alikwenda na kurudi mara 1,600 hivi, akaleta matunda yapatayo 24,000.

Na jike si mfungwa jamani. Mdomo wake unaweza kuuvunja ukuta ule. Anakaa kwa sababu mwenzake anarudi.

Hapo ndipo panaponigusa. Wengi wetu tunashuka Tanga au Dar kutafuta maisha, nyuma tumeacha binti mjamzito au mama na mtoto. Mwezi wa kwanza simu kila jioni, na hela kidogo inatumwa. Baadaye namba haipatikani. Safari ya kwanza kila mtu anaiweza. Kazi ipo kwenye safari ya 900, wakati hakuna anayekupongeza.

Tumtazame Mtakatifu Yosefu. Injili hazikuandika hata neno moja alilotamka. Lakini Herode alipomtafuta Mtoto, Yosefu hakungoja kukuche. Usiku uleule safari ya Misri ilianza (Mt 2:13-15).

Na wewe dada, kabla hujaziba mlango, jiulize: huyu kaka amewahi kuleta hata tope? Amefika kwenu kujitambulisha? Yuko tayari muende kwa Paroko kuzungumzia ndoa?

Zoezi la wiki hii: kuna mtu anayekungoja kwenye ufa? Mpigie leo. Usiishie kwenye salamu. Muulize amekula nini, mtoto anaendeleaje, kisha tuma ulicho nacho, hata kama ni kidogo.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Familia Takatifu, utuombee.