USINGIZI NI MAPUMZIKO YA MOYO



Wakati wa kukausha tumbaku, mzee mmoja wa huku Bukene alikuja zahanati. "Mwanangu, kichwa kinaniuma," alisema. Nilimpima shinikizo la damu, yaani presha. Lilikuwa 170 kwa 110. Kwa mtu mzima, 140 kwa 90 tayari ni kubwa.

Nilimwuliza, "Mzee, unalala?" Akajibu, "Usiku nachochea moto wa bani. Mchana niko shambani. Nitalala lini?"

Moyo ni kama pampu. Hausimami usiku wala mchana. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Tukilala vizuri, moyo hupunguza mwendo. Shinikizo la damu nalo hushuka. Hapo moyo na mishipa hupumzika.

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Lakini kila siku walifika kambini, wakatua mizigo. Moyo nao hutua mzigo wake tunapolala.

Mtu akikosa usingizi kwa muda mrefu, shinikizo la damu laweza kupanda. Likikaa juu huharibu mishipa. Huweza kuleta kiharusi, au moyo ukashindwa kazi. Tena mara nyingi haliumi. Mtu hajui mpaka apimwe.

Tufanye nini?

1. Mtu mzima alale saa 7 au zaidi kwa siku.

2. Kazi za usiku zifanywe kwa zamu. Aliyekesha aachwe alale mchana.

3. Mama asisahauliwe. Yeye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Tumsaidie kazi.

4. Jioni tusinywe kahawa wala chai kali. Pombe nayo huleta usingizi mbaya.

5. Tulale ndani ya chandarua. Mbu hukatiza usingizi na huleta malaria.

6. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini aende kupimwa.

Kumbuka: usingizi si badala ya dawa. Mzee yule nilimpima tena siku nyingine, presha ikawa bado juu. Sasa anatumia dawa kila siku. Tena anapokezana bani na mdogo wake.

Maswali ya kujadili:
(a) Nani nyumbani kwako halali vya kutosha?
(b) Mtagawanaje kazi ili naye alale?
(c) Wewe ulipimwa presha lini?