SOMO LA ROBO HII: MLINZI WA NGITILI NA MAANDALIZI YA KIANGAZI



Katika somo hili tunapenda kuzungumza na kamati za sharika, pamoja na marafiki wanaotuchangia, kuhusu mtu ambaye huwa haonekani katika taarifa zetu za mradi. Mtu huyo ni mlinzi wa ngitili. Yeye ni mkulima na mfugaji kama wengine. Ana pamba yake shambani, ana mtama, ana watoto wa kusomesha. Kazi ya kulinda huifanya kwa muda anaoupata. Lakini katika kufuatilia ngitili za Songwa na vijiji vya jirani, wilayani Kishapu, tumejifunza jambo moja: ngitili hupona au hufa kutokana na kazi za mtu huyu katika majuma machache, kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Julai, kabla kiangazi hakijakolea.

1. Ngitili ni nini?

Kwa wasomaji wasiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, ili nyasi na miti ipumzike na kukua. Hufunguliwa katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, wakati nje hakuna tena jani. Zipo ngitili za kaya, na zipo za jumuiya: za kijiji, za shule na za sharika. Tangu zamani zilitunzwa hasa kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na mifugo dhaifu.

Wazee wetu waliijua ngitili kabla ya mradi wowote. Kilichoiharibu ni mambo mengi yaliyofuatana. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970 watu wengi waliacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaukumbuka kwa jina la HASHI, ngitili zilizokuwa zinajulikana zilikuwa na jumla ya hekta 600 tu hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ardhi hiyo haikurudi kwa kupanda miche peke yake. Sehemu kubwa ilirudi kwa sababu watu waliizuia isilishwe, isichomwe na isikatwe, wakaiacha iote yenyewe. Kuzuia kunahitaji mtu wa kuzuia.

2. Kazi tano za mlinzi kabla ya kiangazi

Kazi ya kwanza ni kutembea mpaka. Mlinzi huzunguka ngitili yote kwa miguu mwezi Mei, nyasi zikiwa bado mbichi. Huangalia ua wa minyaa na katani: wapi umekufa, wapi pamefunguliwa njia mpya, wapi jirani amesogeza jembe hatua mbili ndani. Hatua mbili kila mwaka kwa miaka 10 ni shamba zima. Mlinzi asisubiri Agosti kumwambia jirani, kwa sababu Agosti kila mtu ana hasira. Amwite Mei, mbele ya balozi, na jiwe lirudishwe mahali pake.

Kazi ya pili ni barabara ya kuzuia moto. Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote na haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Limeni mistari miwili sambamba kuzunguka ngitili, mkiacha nafasi ya hatua sita hadi kumi katikati. Nyasi za katikati zifyekwe na kuondolewa. Mahali ambapo ni nyingi mno huchomwa mapema, asubuhi au jioni wakati hakuna upepo, watu wakiwa wamesimama pande zote mbili na matawi mabichi na maji. Msichome bila kutoa taarifa na kupata ruhusa ya ofisi ya kijiji. Kazi hii ifanyike nyasi zikiwa nusu mbichi. Ukichelewa hadi Julai, moto wa kinga unaweza kuwa ndio moto wa maangamizi.

Kazi ya tatu ni maji. Mlinzi hupima lambo kwa macho na kwa fimbo: lina kina gani, limejaa tope kiasi gani, litafika mwezi gani. Mahali pa ng'ombe kunywea patengwe na mahali pa wanyama wadogo na ndege, vinginevyo kingo zote hukanyagwa na maji hugeuka matope kabla ya Septemba.

Kazi ya nne ni kuangalia wanyama na ndege. Wengi hushangaa tukisema hivi, lakini ngitili si nyasi tu. Watafiti waliochapisha taarifa yao mwaka 2005 walikuta katika ngitili za mkoa wa Shinyanga zaidi ya aina 140 za ndege. Waliona pia kwamba wanyama waliorudi huwaletea wakulima hasara, ila faida za ngitili ziliizidi hasara hiyo kwa mbali. Ndege kama kanga na kwale hutaga chini, ndani ya nyasi, wakati wa mvua. Kwa hiyo mwezi Mei makinda huwa bado wanafuata mama zao. Mlinzi mzuri hujua makundi yake: kanga wangapi wanalala kwenye mgunga upi, sungura wako wapi, digidigi ameonekana au hajaonekana. Wanaofyeka barabara ya moto huwaelekeza kuanzia upande mmoja kwenda mwingine, ili ndege wapate pa kukimbilia, na wakikuta kiota wanakizunguka. Pia hukusanya mitego ya waya, ambayo huongezeka njaa inapoanza kuuma.

Baadhi ya marafiki zetu wa Ulaya wataitambua kazi hii. Katika mashamba ya Uingereza msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti huanza Oktoba 1. Lakini mlinzi wa shamba dogo, ambaye mara nyingi naye ana kazi nyingine, huhangaika tangu Julai: anakarabati zizi la makinda, anaweka vyombo vya chakula na maji, anafuatilia mbweha. Wanaofika na bunduki Oktoba hawaioni kazi hiyo. Tofauti ni kwamba kule ndege hao hulelewa na kuachiwa ili wawindwe. Hapa kwetu, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma hata wakiwa ndani ya ngitili ya mtu binafsi, na anayetaka kuwinda lazima awe na leseni. Mlinzi wetu hana mamlaka ya kumruhusu mtu, hata kama ni mjomba wake. Nasi tuliozoea Maandiko tukumbuke kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamkataza aliyekuta kiota njiani kumchukua mama ndege pamoja na makinda yake. Kinachobaki ndicho kitakachozaa tena.

Kazi ya tano ni kupanga zamu za malisho. Kabla ya kufungua, mlinzi na kamati hugawa ngitili katika vipande, na kukubaliana nani anaingia lini na kwa ng'ombe wangapi. Ndama, maksai na ng'ombe wanaonyonyesha watangulie. Orodha isomwe hadharani mkutanoni, maana orodha iliyo mfukoni mwa mwenyekiti huzaa maneno.

3. Mahali tulipokosea

Tunapenda kusimulia kosa letu wenyewe, kwa kuwa makosa nayo hufundisha. Mwaka mmoja tulisaidia ngitili ya usharika mmoja, ambao hatutautaja. Tulileta miche, tukaleta vibao vilivyoandikwa vizuri, tukapiga picha. Mwezi Mei mlinzi alikuja kwenye kikao akaomba watu 20 kwa siku mbili, ili wamsaidie barabara ya moto. Kamati ikamjibu kwamba watu wako kwenye kuvuna pamba, asubiri wauze kwanza. Sisi wa mradi tulikuwepo. Hatukusema lolote, kwa sababu katika bajeti yetu hakukuwa na kifungu cha kazi hiyo.

Yeye mwenyewe alikuwa na pamba yake iliyokwisha kupasuka. Alilima kipande cha mpaka jioni jioni, peke yake, akafika kama robo. Mwezi Agosti mtu alikuwa anachoma mabaki ya shambani, upepo ukageuka. Mwano ulipigwa na watu walikuja, lakini moto ulikuta upande usiolimwa. Zaidi ya nusu ya ngitili iliteketea alasiri moja, pamoja na miche yetu na vibao vyetu. Wiki ile ile familia kadhaa zilianza kuhamisha ng'ombe kwenda mbali kutafuta malisho, na vijana wao wakaacha shule kuwafuata.

Tulipokwenda kumpa pole, mlinzi alikuwa amefungwa kitambaa mkononi kwa sababu ya kuungua. Hakutulaumu. Alisema tu, "Baba, mimi nilisema Mei." Tangu siku hiyo maneno hayo tumeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari letu la mipango.

4. Mlinzi apewe nini?

Kosa letu halikuwa uhaba wa fedha peke yake. Lilikuwa ni kusahau kwamba majuma ambayo ngitili inamhitaji mlinzi ndiyo majuma ambayo pamba yake inamhitaji. Tukimwacha achague, atachagua watoto wake, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo tunashauri kamati zikubaliane naye mapema, kabla ya mwisho wa Aprili, juu ya mambo yafuatayo:

(a) Nguvu kazi. Usharika umvunie mlinzi pamba yake kwa siku mbili, naye aongoze watu katika barabara ya moto kwa siku mbili. Usharika mmoja uliojaribu hivi ulimaliza mpaka wote kabla ya katikati ya Juni.

(b) Haki yake. Maksai wake waingie katika zamu ya kwanza, na apate fungu la nyasi za kuezekea. Hili liandikwe katika muhtasari wa kikao.

(c) Vifaa. Buti, panga, tochi, filimbi na vocha ya simu. Ni vitu vidogo ukilinganisha na bei ya miche elfu moja inayoungua.

(d) Kutomwacha peke yake. Wakata mkaa na wanaotafuta matimba ya kuuza kwenye maduara ya dhahabu huja usiku, tena huja wengi. Mlinzi awe na uhusiano na sungusungu na ofisi ya kijiji, na faini zitozwe kwa sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Akitoza mwenyewe, ataitwa adui wa watu.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Katika maombi ya fedha mtakayoyapokea kutoka kwetu, mtaona kifungu cha chakula cha watu wanaolima barabara ya moto mwezi Mei na Juni. Kifungu hicho hakina picha nzuri. Tafadhali msikikate.

5. Maswali ya majadiliano katika vikao

1. Nani ni mlinzi wa ngitili yetu, na ni lini mara ya mwisho tulikaa naye kumsikiliza?
2. Mwaka huu barabara ya moto itaanza tarehe ngapi, na ni akina nani watakaokuja na majembe?
3. Pamba ya mlinzi itavunwa na nani siku hizo?
4. Lambo letu litafika mwezi gani?
5. Akikamatwa ndugu wa mjumbe wa kamati akiwa na mtego au shoka ndani ya ngitili, je, tutamtetea ndugu au mlinzi?

Swali la mwisho ndilo gumu, na tunawashauri mlijibu kabla halijatokea. Tunaomba pia kila kamati itutumie majibu ya swali la pili kwa maandishi, ili nasi tuweze kufika siku hiyo. Safari hii tutakuja na majembe.