Toyo yako inachemka? Anza na swali hili kabla hujamwita fundi

Mmezoea nikiandika habari za kantangaze na mbolea ya kukuzia, lakini leo naomba tuzungumzie toyo, hii pikipiki ya magurudumu matatu inayotubebea mazao.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayemhudumia huku Ilula, mkulima mzuri tu wa nyanya, alipakia matenga kumi asubuhi akaondoka. Kwenye kilima taa ya joto ikawaka. Akasema ngoja nimalizie kupanda. Mvuke ulipoanza kutoka akasimama, akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, maji yakamuunguza mpaka karibu na kiwiko. Msamaria mwema akaja na ndoo ya maji baridi akaimwagia injini yote. Kesho yake tunafungua, hedi imepasuka. Nyanya zilishauzwa pale pale barabarani kwa bei ya dalali, na nyie mnaijua bei ya dalali akikuta umekwama.

Chanzo kilikuwa makapi ya maharage. Wiki moja kabla alibeba maharage kutoka uwanja wa kupuria, makapi yakajaa kwenye rejeta. Brashi laini, maji na robo saa ya kazi, basi.

Somo hili ni la wenye toyo yenye rejeta. Kama injini yako inapozwa na upepo tu, safisha tope kwenye mapezi ya silinda na uangalie oili. Mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Wota pampu inazungusha maji ndani ya injini, maji yanabeba joto kwenda kwenye rejeta, upepo unalichukua. Katikati kuna thamostati, kilango kinachobaki kimefungwa injini ikiwa baridi na kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hivi. Ukiwa unatembea, upepo unatoka mbele. Ukisimama, feni inashika kazi. Halafu kuna mfuniko wa rejeta, ambao watu wanauona kama kizibo cha chupa. Huo unashikilia presha ili maji yasichemke mapema. Hapa Iringa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Kwa hiyo mfuniko uliolegea huku kwetu unakuumiza kuliko mtu wa Dar es Salaam.

Sasa swali lenyewe: inachemka ukiwa umesimama, au ukiwa unatembea?

Ikipanda joto ukisimama mnadani au kwenye foleni ya mizani, kisha ikashuka ukianza kutembea, anza na feni. Angalia fyuzi. Ikiwa nzima, chomoa waya za feni uziunganishe moja kwa moja na betri, vidole vikiwa mbali. Feni ikizunguka, yenyewe ni nzima. Tatizo liko kwenye swichi ya joto, rilei au waya. Isipozunguka, mota imekufa. Kuna kosa lingine nimelikuta mara mbili: feni inazunguka vizuri lakini kinyume, kwa sababu aliyeitengeneza aligeuza waya. Feni nyingi ziko nyuma ya rejeta na zinavuta upepo kutoka mbele. Weka kipande cha karatasi mbele ya rejeta: kikinyonywa ni sawa, kikisukumwa badilisha waya.

Ikichemka ukiwa kwenye mwendo mzuri, feni iache kwanza. Tazama rejeta kwa nje: makapi, tope, wadudu. Safisha ukianzia upande wa injini kwenda mbele, maana uchafu uliingilia mbele. Usitumie ile mashine ya kuoshea magari kwa karibu, inalaza vile vibati vyembamba na upepo haupiti tena. Nje ikiwa safi, washa injini ikiwa baridi, na baada ya dakika kadhaa shika mpira wa juu wa rejeta kwa tahadhari. Injini ni ya moto lakini mpira bado baridi? Maji hayafiki: thamostati imeganda, au kuna hewa imejifungia, au wota pampu haisukumi. Thamostati ipime nyumbani. Itumbukize kwenye sufuria kuukuu (siyo ya mama) na uchemshe maji. Inatakiwa ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka nunua nyingine. Mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa kabisa. Binafsi sikubaliani nao. Injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta, na tatizo halisi linabaki limejificha.

Kilima na mzigo, gia namba moja, ni hali ya katikati: mwendo mdogo, joto kubwa. Hapo kagua vyote viwili.

Kama maji yanapungua kila siku na huoni yanapovuja, kagua tundu dogo lililo chini ya wota pampu. Likidondosha maji, sili imekwisha. Kagua na mpira wa mfuniko kama umepasuka. Halafu, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko na uwashe. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yasiyokoma, pamoja na moshi mweupe mzito hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake gasketi ya hedi imekwenda. Hapo simamisha toyo, usijaribu hata safari moja ya mwisho.

Taa ikiwaka njiani: simama, zima, subiri angalau nusu saa. Mfuniko usiguswe mpaka rejeta ishikike kwa mkono mtupu. Maji ongeza taratibu ndani ya rejeta, kamwe usimwage juu ya injini ya moto.

Na maji gani? Wenye umwagiliaji wa matone mnajua maji ya kisima chenye chumvi yanavyoziba vitundu vya mipira. Ndani ya rejeta ni vilevile, ukoko unajijenga mpaka njia zinaziba. Tumia kulanti, na kama inahitaji kuchanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Ukikosa, maji safi ya mvua. Ukishajaza, acha injini iunguruma mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe, ongeza, ndipo ufunge.

Kulanti ya zamani usiimwage shambani wala kuiacha kwenye beseni uani. Ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa na mifugo wataifuata. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uandike juu yake, mbali na watoto.